Shujaa, Hasimu na Yule wa Katikati

Neno "shujaa" halijawahi kutusumbua. Linalotusumbua ni jina la mhusika anayetenda jema kwa njia mbaya, au anayetenda baya kwa sababu ambayo kila mzazi anaielewa. Wahakiki wa fasihi wamelizungukia jambo hili kwa miaka mingi. Sasa haja imekuwa kubwa zaidi, kwani vijana wetu wanacheza katika intaneti michezo ya uigizaji ambamo watu wengi hujenga kwa pamoja hadithi moja ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, na sheria za michezo hiyo zinahitaji kuandikwa kwa Kiswahili. Ingefaa kwanza dhana yenyewe ieleweke, ndipo tupime majina.

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Wairaqw, ambao wengi wetu huwaita Wambulu na ambao ni wengi katika wilaya ya Karatu, husimulia habari za mtawala wao wa kale, Haymu Tipe. Mwanawe wa pekee, Gemakw, alitekwa na vijana wa kabila lake mwenyewe. Vijana hao walikuwa na kiu ya vita, wakampa baba sharti: ama awaletee adui wa kupigana naye, ama mwanawe auawe. Haymu Tipe akawaendea watu waliokuwa wakikaa katika kreta ya Ngorongoro, akawaomba waje. Wakaja. Waliuawa wanaume, wanawake na watoto, nyumba zikachomwa moto, na walionusurika wakatawanyika. Haymu Tipe alikwenda zake pamoja na mwanawe.

Tumwiteje mtu huyu? Tukimwita shujaa, tunawasahau waliokufa. Tukimwita haini, tumehukumu kabla ya kusikiliza. Na "adui" hawezi kuwa, maana adui ndiye aliyeletwa.

Katika hadithi ya mtunzi mmoja, mtunzi ndiye ashikaye mizani. Katika mchezo wa pamoja hapana mtunzi mmoja. Kila mchezaji ana mhusika wake, na hakuna apendaye wake ashindwe. Tuseme vijana wanne wa Karatu wanacheza. Watatu wamechagua mashujaa wasioua wala kusema uongo. Wa nne amechagua mhusika asiyejali miiko hiyo. Wakifika kwenye lango lenye mlinzi, watatu watahangaika kutafuta ufunguo. Wa nne atamchoma mlinzi kisu na kupita. Hata kama walianza kwa nguvu zilezile, hawako sawa tena, kwa sababu mwiko ni mzigo. Hazitapita siku nyingi kabla watatu hao hawajaacha miiko yao, au hawajauacha mchezo wenyewe.

Kwa hiyo neno "usawa", ambalo ndilo la kwanza kumjia mfasiri, halitoshi. Usawa ni kuwapa wote nguvu zilezile, na tumeona hausaidii. Kinachotakiwa ni kila uhuru uwe na gharama yake. Mchezo wa Champions, uliotolewa Marekani mwaka 1981 na kuchezwa mezani kwa karatasi na dadu, ulikwisha kuliona jambo hili: mchezaji alimjenga mhusika wake kwa pointi, naye alipata pointi za ziada kwa kukubali upungufu, kama vile kuwindwa na maadui au kufungwa na mwiko wa kutoua. Tunapendekeza "mizania". Wahasibu wamekwisha kulitwaa neno hili, lakini hilo halitudhuru: katika mizania yao mna mali upande mmoja na deni upande wa pili, na ndivyo tunavyotaka. Haymu Tipe alipata mwana, akapoteza watu wake.

Mchezo wa City of Heroes ulianza mwaka 2004, ukafungwa mwaka 2012, na tangu mwaka 2024 wapenzi wake wameruhusiwa rasmi kuuendesha. Mwaka 2010 ulikuwa umeongeza nafasi mbili kati ya shujaa na mwovu: shujaa aliyechoshwa na sheria akaamua kuhukumu kwa mkono wake, na mwovu aliyebakiwa na huruma. Hawa waliweza kuingia pande zote mbili, ila zawadi fulani waliachiwa wale waliosimama wazi upande mmoja. Hiyo nayo ni gharama.

Sasa majina. "Shujaa hasi" limependekezwa mara kwa mara. Tunalikataa, si kwa sababu tu linanuka hesabu, bali kwa kuwa kuhasi mnyama ni jambo linalojulikana kwa kila mfugaji, naye atacheka. "Mpinzani" ni yeyote anayepinga, hata awe mwema kuliko shujaa. "Jahili" hana huruma hata kidogo. Kwa mwovu mwenye huruma tunaliona "ayari" kuwa neno zuri: katika Kiswahili ni laghai, lakini asili yake ya Kiarabu na Kiajemi iliwataja watu wa silaha ambao mara waliitwa wanyang'anyi, mara wakasifiwa kwa ukarimu. Kwa dhana pana, pamoja na yule aliyechoshwa na sheria, tunapendekeza "shujaa kombo": ushujaa umo, na upogo umo.

Limebaki jina la upande wa pili. "Hasimu" latosha, kwani kila mtu ni hasimu wa mwenzake, na neno halisemi nani mwema. Tunalitaja kwa sababu ya jina moja ambalo wachezaji wa Karatu wangeweza kulichukua kwa urahisi: Mang'ati. Wengi hudhani ndilo jina la Wadatoga. Kumbe ni neno la Kimaasai lenye maana ya maadui, nao walipewa na Wamaasai waliowaondoa Ngorongoro katika karne ya 19. Kundi la waovu katika mchezo lisipewe jina hilo; wenyewe wanaishi Karatu hadi leo, na watoto wao pia wana simu.