Oveni ikigoma kuwaka, usiendelee kubonyeza

Huenda hali hii umeshaiona jikoni kwako. Unataka kuoka keki ya mtoto. Unafungua gesi ya oveni na kubonyeza kiwashio, kinalia ta-ta-ta lakini moto hauwaki. Unabonyeza tena na tena. Mara ya tano unainama kuchungulia ndani, na hapo hapo moto unakulipukia usoni.

Moto wa namna hii huunguza uso, nywele na mikono, na mtoto aliyesimama karibu hasalimiki. Wiki hii tuzungumzie jinsi ya kuuzuia, kwa sababu chanzo chake huweza kuwa kifaa kidogo tu kilichochakaa.

Kwa nini hulipuka

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ukiifungua bila kuiwasha haipandi juu, bali hujikusanya ndani ya oveni na kushuka sakafuni, mahali ambapo watoto hutambaa na kucheza. Cheche ikija kwa kuchelewa, hukuta gesi imeshajaa.

Kwa hiyo, moto usipowaka ndani ya sekunde chache, funga gesi. Fungua mlango wa oveni na madirisha, kisha subiri angalau dakika tano kabla ya kujaribu tena. Kama unatumia kiberiti, washa njiti kwanza ndipo ufungue gesi, na uso wako uwe mbali na mlango.

Sehemu mbili za kukaguliwa

Ya kwanza ni kiwashio. Ncha yake ikishika mafuta, maji au masizi, cheche hudhoofika. Kigae cheupe kinachoizunguka kikipata ufa, cheche hupotelea pembeni. Unaweza kufuta ncha hiyo kwa kitambaa kikavu jiko likiwa limepoa, gesi imefungwa na waya wa umeme umechomolewa. Kama kiwashio chako kinatumia betri, badilisha betri kwanza. Ikishindikana, mwite fundi.

Ya pili ni kijiti chembamba cha chuma kilicho pembeni ya moto, ambacho mafundi hukiita themokapo. Kinapopata joto huzalisha umeme kidogo sana unaoshikilia vali ya gesi ibaki wazi. Moto ukizimwa na upepo au mchuzi uliofurika, kijiti hupoa na vali hujifunga yenyewe. Ndiyo maana oveni nyingi hukutaka ushikilie kitufe kwa sekunde kadhaa baada ya moto kuwaka.

Ukiachia kitufe na moto ukazimika kila mara, huenda kijiti hicho kimechakaa, kimeshika masizi au kimesogea. Usikibane kitufe kwa kijiti cha mti au gundi ya karatasi ili kisirudi. Usikubali pia fundi akiondoe "ili jiko lisikusumbue". Bila kifaa hicho, moto ukizimika usiku gesi itaendelea kutoka mkiwa mmelala.

Dalili zinazofanana na ugonjwa

Moto mzuri wa gesi ni wa bluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haiungui vizuri na huweza kutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Jihadharini iwapo watu kadhaa nyumbani wanaumwa kichwa, wanapata kizunguzungu au kichefuchefu bila homa, kisha wanapata nafuu wakitoka nje. Zimeni jiko, tokeni nje, nendeni hospitali na mmweleze daktari kuhusu jiko. Kwa wanaoishi maeneo ya baridi kama Njombe na Mbeya: oveni si ya kupashia chumba joto.

Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote ya umeme, na toeni watoto nje. Mkiwa nje ndipo upige simu Zimamoto, namba 114. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni kwenye mpira na viungo vyake, kamwe si kwa kiberiti.

Mtu akiungua

Kama nguo zinawaka, mlaze chini na umbingirishe. Mwagia sehemu iliyoungua maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili wake uliobaki ukifunikwa asipate baridi, hasa akiwa mtoto. Vua pete na bangili mapema kabla hajavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, yai, asali wala mafuta, na malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi.

Nenda hospitali mara moja kama aliyeungua ni mtoto, kama uso, mikono, viungo au sehemu za siri zimeungua, au kama sauti imekwaruza na anapumua kwa shida. Huyu wa mwisho huenda ameungua njia ya hewa, asisubiri hata kama ngozi yake inaonekana nzuri.

Kama oveni yako inawaka kwa kubembelezwa, usisubiri sikukuu. Funga gesi yake leo, na keki iokwe jikoni kwa jirani mpaka fundi atakapomaliza kazi.