Posho Hutangulia Risasi: Kanuni za Mapato Katika Michezo ya Vita

Ndugu askari, uwe wa jeshi au wa polisi, kama umepata kukaa barazani ukicheza bao la Kiswahili baada ya kazi, basi umekwisha kuijua kanuni ya mapato hata kama hukupata kuiita kwa jina hilo. Kete za bao ni 64, na kila mchezaji ana 32. Lakini mchezo unapoanza kila mmoja ana kete 10 tu ubaoni. Zile 22 zimo ghalani, naye huingiza moja kwa kila zamu, wala si mbili. Ndiko kunamua. Ghala likiisha hakuna tena msaada utokao nje, na hapo fikira za wachezaji hubadilika ghafula: yule aliyekuwa akitoa kete zake kwa ukarimu sasa huanza kuzihesabu kwa macho. Ubao ni ule ule na wachezaji ni wale wale. Kilichogeuka ni njia ya kupata nguvu mpya.

Jambo hilo, kwa upana zaidi, limo katika michezo ya vita ichezwayo na watu wengi juu ya ramani, iliyoenea Ulaya na Marekani na ambayo siku hizi huchezwa hata kwa kompyuta. Mtu aitazamaye mara ya kwanza hudhani kwamba ushindi hutokana na bahati ya dadu au na ushujaa wa mchezaji. Mimi nasema atazame kwanza ni nani apewaye askari wapya, anawapata lini, na anawaweka wapi. Akijua hayo matatu, hatakawia kujua nani atamwendea nani kwa urafiki na nani atamgeuka mwenziwe.

Tuanze na mchezo ujulikanao sana. Mwaka 1957 Albert Lamorisse, Mfaransa aliyepata sifa kwa filamu yake ya mtoto na puto jekundu, alitoa mchezo alioupa jina la La Conquête du Monde, yaani Kuiteka Dunia. Miaka miwili baadaye ulitokea Marekani kwa jina la Risk. Ramani yake ni dunia nzima iliyogawanywa katika nchi 42. Zamu inapoanza, mchezaji huhesabu nchi zake, huzigawa kwa tatu, na jawabu ndilo idadi ya askari wake wapya. Na hata awe hohehahe, hapewi chini ya watatu. Ashikaye bara zima huongezewa: Asia 7, Ulaya 5, Amerika ya Kaskazini 5, Afrika 3, Amerika ya Kusini 2 na Australia 2.

Bara letu la Afrika lina nchi sita katika ramani hiyo, na milango yake ya kulinda ni mitatu: Afrika ya Kaskazini, Misri na Afrika ya Mashariki. Australia ina nchi nne na mlango mmoja tu. Kwa sababu hiyo wale wawili wa Australia, wasiohitaji walinzi wengi, mara nyingi wana faida kuliko saba wa Asia, ambao ni nadra mtu kuwapokea zamu mbili mfululizo.

Mpaka hapo mambo ni ya kawaida. Kioja kimo katika karata. Mchezaji akiteka walau nchi moja katika zamu yake, hupewa karata moja. Akipata tatu zinazopatana, huzibadili kwa askari. Fungu la kwanza kubadiliwa mezani huleta askari 4, la pili 6, kisha 8, 10, 12, 15, halafu 20, na la nane 25, wala haidhuru limetolewa na nani. Msomaji na apime: Asia nzima kwa 7, na karata tatu za kiganjani kwa 25! Basi mwanzoni watu hupigania mabara, na mwishoni hupigania karata. Tena amwondoaye mwenziwe katika mchezo hurithi karata zake, na akifikisha sita au zaidi hulazimika kuzibadili papo hapo, katikati ya mashambulizi, akaendelea na mwingine. Mnyonge aliyejificha na askari watano pembeni, akidhani hakuna amtamaniye kwa kuwa hana ardhi, huvamiwa kwa ajili ya karata nne alizoshika mkononi.

Lakini ipo kanuni nyingine ya mchezo huo huo, iliyozoeleka zaidi Ulaya, ambayo thamani ya fungu haipandi kamwe: karata tatu za askari wa miguu ni 4, za farasi 6, za mizinga 8, na moja ya kila aina 10. Chini ya kanuni hiyo bara hubaki kuwa mali hadi mwisho na mnyonge huishi muda mrefu. Hasara yake ni kwamba mchezo hukesha.

Mchezo wa pili nitaupitia upesi. Ni Axis & Allies wa Larry Harris, uliotolewa kwanza mwaka 1981 na ukaenea tangu mwaka 1984, nao huigiza Vita Kuu ya Pili kwa mataifa matano. Humo mapato ni fedha. Urusi huanza na 24, Japani 25, Uingereza 30, Ujerumani 32 na Marekani 36. Askari wa miguu hununuliwa kwa 3, hivyo Mrusi aweza kuandikisha wanane kwa mara moja, naye hufanya hivyo, maana askari huyo hodari wake ni kulinda kuliko kushambulia. Kanuni ya ajabu ni ya wakati. Manunuzi hufanywa mwanzo wa zamu, na fedha hupokewa mwisho wa zamu. Kwa hiyo adui wanapocheza, fedha zimo hazinani, na mji mkuu ukitekwa fedha zote humwendea mtekaji, na aliyetekwa hapokei tena senti mpaka mji ukombolewe. Hapo ndipo Mjerumani huona Moscow si mji tu bali ni sanduku la fedha, na washirika wa Mrusi hulazimika kumlinda hata kama wana shughuli zao. Vivyo hivyo katika Afrika: nchi moja ikimtoka Mwingereza ikaenda kwa Mjerumani, mmoja hupunguka na mwingine huongezeka, na tofauti yao hukua mara mbili.

Ama mchezo ninaoupenda mimi ni Diplomacy, uliobuniwa na Mmarekani Allan Calhamer na kuchapishwa mwaka 1959. Hauna dadu wala fedha. Wachezaji ni saba, na ramani ni Ulaya ya mwaka 1901. Hufanya mashauri faraghani, kisha kila mmoja huandika amri zake kwa siri, nazo husomwa kwa pamoja. Vituo vya posho ni 34: Urusi ina vinne, mataifa sita mengine vitatu kila moja, na vilivyobaki 12 havina mwenyewe. Kituo kimoja hulisha kikosi kimoja, basi. Ukipata kituo, unaongeza kikosi. Ukipoteza, unavunja kimoja kwa mkono wako mwenyewe. Afikishaye vituo 18 ameshinda.

Kuna masharti mawili hapo yageuzayo kila kitu. La kwanza, mwaka una hatua mbili, ya masika na ya vuli, lakini vituo huhesabiwa baada ya vuli tu. Kikosi kipitacho kituoni wakati wa masika hakikuteka lolote. La pili, vikosi vipya huwekwa nyumbani tu, katika vituo ulivyoanza navyo, tena viwe bado vyako na viwe vitupu.

Jioni moja tulikuwa saba mezani, nami nilishika Austria. Jirani yangu wa Italia, rafiki wa miaka mingi, aliniahidi kwamba hatagusa Trieste. Masika niliipeleka manowari yangu kutoka Trieste hadi Albania na jeshi la Budapest hadi Serbia, naye akatulia Venice kama mcha Mungu. Vuli nikaingia Ugiriki kwa furaha. Amri ziliposomwa, jeshi lake la Venice lilikuwa ndani ya Trieste, na lile jingine limekwisha kuvuka bahari hadi Tunis. Kama angaliingia masika, ningalipata hatua nzima ya kumtoa kabla ya hesabu. Yeye alingoja, na mwaka ukafungwa. Nilitarajia vituo vitano nikapata vinne. Yeye kutoka vitatu akapata vitano. Tena Trieste ilikuwa nyumbani kwangu, kwa hiyo nilipungukiwa na posho na mahali pa kuandikisha askari pia. Hatukusemezana hadi chai ilipoletwa, ingawa moyoni nilijua kwamba kalenda ya mchezo ndiyo iliyomfundisha siku ya kunigeuka.

Wako wachezaji walioliondoa sharti la nyumbani. Katika namna iitwayo Chaos, watu ni 34, kila mmoja akianza na kituo kimoja, na vikosi vipya huzaliwa katika kituo chochote kitupu ulichonacho. Aliyepoteza kwao hajafa. Aweza kuinuka tena Hispania au Norway. Vikosi vipya hutokea karibu na mapigano, vita huenda mbio, na milango ya nyuma huachwa wazi bila hofu kubwa. Rafiki yangu yule wa Trieste ameniomba tulijaribu sharti hilo juu ya ramani yetu ya watu saba. Nimekubali, ila nimemwambia safari hii achukue Uingereza, nami nitakaa Uturuki.