Sababu gani vyumba vilibaki tupu katika meli za matembezi

Mwaka 2021, meli za matembezi za Marekani, zile zenye hoteli ndani, zilirudia safari zikiwa na abiria wachache. Sababu gani? Watu walikuwa bado wanakumbuka Diamond Princess. Mwezi wa pili 2020, meli hiyo ilizuiliwa Yokohama, Japani, na watu 3,711 ndani. Zaidi ya 700 waliambukizwa Corona. Kwa hiyo vyumba fulani viliachwa tupu juu ya kutenga wagonjwa.

Uzito uliangukia wazazi. Watoto chini ya miaka 12 walikuwa bado hawajaruhusiwa chanjo: walipimwa, wakavaa barakoa. Mtoto akikutwa na virusi siku ya kupanda, mara nyingi familia nzima ilibaki bandarini, mizigo mikononi.