Ngozi Nyeti Haitaki Mengi

Ndugu msomaji, hebu nenda utazame mahali unapoweka vitu vyako vya kuogea na kujipaka. Hesabu chupa na vikopo vyote vilivyopo. Kisha jiulize: katika hivi vyote, ni vingapi ambavyo ngozi yangu inavihitaji, na ni vingapi ambavyo inavivumilia tu?

Swali hili nilimwuliza jirani yangu mmoja, mama wa mtoto mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Dirishani kwake tulihesabu vitu kumi na kimoja. Mambo yalianza kidogo tu: uso ulimwasha baada ya kubadili sabuni. Akanunua mafuta ya kutuliza, hayakutuliza. Shoga yake wa kazini akampeleka kwa muuzaji aliyechota krimu kutoka kopo kubwa na kumtilia katika kijikopo kisicho na maandishi yoyote. Siku ya tatu mwasho ukakoma. Wiki ya pili uso ukang'aa, na watu wakamsifu. Mwezi wa tatu ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba, imejaa vipele, na inauma kila ipigwapo na jua. Kila alipojaribu kuiacha krimu ile, mwasho ulirudi kwa nguvu kuliko ule wa kwanza. Basi akairudia.

Akina mama na akina baba wengi wenye ngozi nyeti, yaani ile idhurikayo upesi, wamepita njia hiyo. Wanaongeza kitu juu ya kitu, ilhali dawa ya kwanza ni kupunguza.

NGOZI NI UKUTA

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa mithili ya ukuta wa matofali. Seli zilizokwisha kufa ndizo matofali, na mafuta ya asili yaliyo baina yake ndiyo udongo unaoyashikanisha. Ukuta huo huzuia maji ya mwili yasipotee, na huzuia vumbi, sabuni na vijidudu visipenye. Kwa mwenye ngozi nyeti, ukuta una nyufa. Ndiyo maana kitu kisichomdhuru mwenzake yeye humchoma, humwasha au humbambua.

Ngozi yenye afya ina asidi kidogo. Katika kipimo cha asidi huwa karibu na 5. Sabuni nyingi za kipande hufikia 9 au 10. Kwa hiyo kila unapojisugua kwa povu jingi, unaondoa uchafu pamoja na ule udongo wa ukuta. Kule kukakamaa kwa ngozi baada ya kuoga, ambako wengi hukuita usafi, ni dalili kwamba mafuta ya asili yamekwisha kuondoka.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo jingine la kuzingatia. Ngozi yetu inapochokozwa aghalabu haionyeshi wekundu wa wazi. Huwasha, hukauka, kisha huacha doa jeusi ambalo laweza kudumu miezi mingi. Doa hilo ndilo linalomtia mtu hamu ya kutafuta krimu kali, na krimu kali huichokoza ngozi upya. Hapana budi mnyororo huo ukatwe mwanzoni.

ASUBUHI

Asubuhi uso uliolala salama hauna uchafu mwingi. Unawe kwa maji matupu ya uvuguvugu au ya baridi, bila sabuni. Usijifute kwa kusugua. Gusagusa kwa taulo laini na safi, uache unyevu kidogo.

Papo hapo, kabla unyevu haujakauka, jipake mafuta. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi. Kazi yake kubwa ni kuyafungia yale yaliyomo. Ukingoja hadi ukauke kabisa, umechelewa. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanafaa sana, tena bei yake si kubwa. Pakaa kiasi kidogo, si ya kudondoka. Mwenye chunusi atafute krimu nyepesi isiyo na manukato kwa ajili ya uso, kwani mafuta mazito, hata ya nazi, yaweza kuziba vinyweleo vyake.

Mwisho, jikinge na jua. Krimu ya kukinga jua yenye kiwango cha 30 au zaidi ni nzuri kwa anayeimudu, hasa mwenye madoa. Asiyeimudu atumie kofia pana, mwavuli au upande wa kanga, na apite kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, krimu hiyo si pambo bali ni kinga ya saratani. Ndiyo sababu huko Moshi, katika hospitali ya KCMC ambako kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilianza kazi mwaka 1992, ilianzishwa kazi ya kutengeneza krimu maalumu kwa ajili yao.

JIONI

Jioni ndipo pa kutumia sabuni, kwa kuwa umerudi na jasho, vumbi la barabarani na moshi wa magari. Chagua sabuni laini isiyo na manukato wala rangi. Itumie kwapani, mapajani, miguuni na palipochafuka. Mikono na mgongo vyatosha kwa maji. Oga kwa muda mfupi, na maji yasiwe ya moto. Joto hupendeza mwilini lakini huyeyusha mafuta ya ngozi.

Ikiwa mtaani kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, unajua jinsi sabuni isivyotoa povu na utando unavyobaki mwilini. Tenga kata mbili za maji baridi yasiyo na chumvi kwa ajili ya kujisuuza mwisho. Kisha gusagusa kwa taulo, jipake mafuta, basi. Kazi yote haizidi dakika kumi.

Fundi mwashi asiache saruji ikaukie mikononi. Aioshe mara moja kwa maji mengi, kwani saruji mbichi huunguza. Msusi, mfua nguo na mwosha vyombo wavae glavu pale wawezapo, na wajipake mafuta kila baada ya kunawa. Nguo zifuliwazo kwa sabuni ya unga zisuuzwe mara mbili, hasa shuka na nguo za ndani.

MAMBO YA KUACHA

Acha kusugua uso kwa dodoki, jiwe au sukari. Acha dawa ya meno juu ya chunusi. Acha ndimu na limau: maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi yaweza kuunguza hadi malengelenge, kisha yakaacha weusi. Acha pia kutia dawa ya kuulia vijidudu katika ndoo ya kuogea kila siku. Dawa hiyo ina mahali pake, na mahali pake si ngozi nzima isiyo na kidonda.

Ukitaka kujaribu kitu kipya, jaribu kimoja tu. Pakaa kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku saba. Kisipowasha wala kuchoma, ndipo ukipeleke usoni. Usitarajie matokeo ya kesho. Tabaka la juu la ngozi huchukua takriban wiki nne kujifanya upya, kwa hiyo upe utaratibu wako mwezi mzima kabla ya kuuhukumu.

KIJIKOPO KISICHO NA JINA

Sasa turudi kwenye kijikopo cha jirani yangu. Krimu za namna hiyo, mkorogo, aghalabu huwa na moja kati ya vitu vitatu, au vyote pamoja.

Cha kwanza ni steroidi, dawa halali ya hospitali kwa magonjwa kama ukurutu. Ikitumiwa ovyo hukondesha ngozi, huleta michirizi na vipele, na ikikatishwa ghafla ugonjwa huweza kurudi kwa kishindo. Cha pili ni haidrokwinoni. Tangu mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya wanawake waliojipaka krimu zake ili wawe weupe, wakaishia na weusi wa samawati usoni, mgumu kuondoka. Cha tatu ni zebaki, sumu inayodhuru figo na mishipa ya fahamu, nayo haibaki kwa aliyejipaka peke yake; hupita kwenye mikono, taulo na shuka hadi kwa watoto.

Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini marufuku haimsaidii mtu anayenunua kitu kisicho na maandishi. Kwa hiyo kanuni ni moja: kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho ya kutumika, kisiguse ngozi yako. Na aliyekwisha kutumia kwa muda mrefu asiache kwa hasira siku moja. Aende hospitali na kijikopo chake mkononi, bila haya, aelekezwe namna ya kuacha.

LINI UENDE HOSPITALI

Nenda ikiwa ngozi inatoa usaha au maji, ikiwa uso au macho yamevimba, au ikiwa vipele havikupungua baada ya mwezi wa utaratibu huu. Nenda ikiwa watu kadhaa nyumbani wanawashwa, hasa usiku, maana huenda ni upele unaoambukiza, na itabidi mtibiwe nyote. Tena nenda upesi ukiona baka lisilohisi mguso wala joto. Hiyo yaweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa unaopona kabisa ukitibiwa mapema.

Jirani yangu alikwenda. Hakuvutwa na uso wake. Alikwenda siku alipomkuta bintiye wa miaka sita mbele ya kioo, kidole kimechovya katika kile kijikopo, anajipaka mashavuni kama alivyomwona mama. Daktari alimpunguzia ile krimu polepole, na miezi michache ilikuwa migumu. Ngozi sasa imetulia. Madoa mawili bado yapo kwenye shavu la kushoto, naye hayafichi.

Dirishani pake vimebaki vitu vitatu: sabuni laini, kopo la mafuta ya mgando, na kofia pana ya ukili. Mtoto anatumia vilevile anavyotumia mama, na mama hana tena wasiwasi anapomwona mbele ya kioo. Nawe, msomaji, anza leo jioni. Ondoa kimoja usichokihitaji, na uone kama ngozi yako itakilalamikia.