Kwa Nini Chuo cha Marekani Kinataka Kujua Wewe ni Mtu wa Namna Gani

Kijana aliyesoma Mombasa au Mwanza amezoea kuwa alama za mtihani wa mwisho ndizo hakimu. Akifungua fomu ya chuo cha Marekani, anakuta anaulizwa anacheza nini, anajitolea wapi, ana kipaji gani cha uongozi, na walimu wake wanamwonaje. Wazazi wengi wa diaspora hudhani ni ustaarabu tu wa huko. Asili ya maswali hayo si ya kistaarabu kiasi hicho, na Harvard ni mahali pazuri pa kuifuata.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kuingia Harvard kulikuwa rahisi kueleza: faulu mtihani wa kuingia, lipa ada ya dola 150 kwa mwaka, umeingia. Ugumu ulikuwa katika kufaulu, kwa kuwa Kilatini kilitakiwa na shule nyingi za kawaida hazikukifundisha.

Waliokwisha kuingia waliishi dunia mbili. Wana wa matajiri walipanga katika mabweni binafsi ya Mtaa wa Mount Auburn, eneo lililoitwa Gold Coast. Franklin Roosevelt, rais wa baadaye wa nchi, aliishi huko kati ya 1900 na 1904. Aliongoza gazeti la wanafunzi, Crimson, akapata alama za wastani, na kilichomuuma zaidi ni kukataliwa na Porcellian, klabu ya wanafunzi wateule. Rais wa chuo, Charles Eliot, alikuwa amewaachia wanafunzi wajichagulie masomo hadi la lazima likabaki karibu moja tu, uandishi wa Kiingereza. Wavivu walijua kozi nyepesi ziko wapi. Mtihani ulipokaribia walikimbilia tuisheni ya William Nolen, aliyebandikwa jina la "Mjane", awajaze vichwa kwa siku chache.

Upande wa pili walikuwamo wanaokuja kwa tramu asubuhi na kurudi kwao Boston jioni, wengi wao watoto wa wahamiaji Wayahudi. Hawa walisoma kwelikweli.

Abbott Lawrence Lowell alimrithi Eliot mwaka 1909. Alitaka kila mwanafunzi awe na fani moja anayoizamia, akajenga mabweni ya mwaka wa kwanza, yaliyofunguliwa mwaka 1914, ili tajiri na maskini walale chini ya paa moja. Wazo zuri, ila paa hilo halikuwafunika wote: Lowell aliwafungia nje wanafunzi weusi. Roscoe Conkling Bruce, mweusi aliyehitimu hapohapo mwaka 1902, aliambiwa mwanawe hatapata chumba humo. Kelele zilikuwa kubwa, na mwaka 1923 bodi ya waangalizi ikaitengua amri hiyo.

Kuhusu Wayahudi, Lowell alikuwa na hesabu nyingine. Kufikia 1922 walikuwa kama mmoja kwa kila wanafunzi watano, naye akapendekeza wawekewe kikomo. Mwaka huohuo fomu ya maombi ilianza kuuliza rangi ya mwombaji, dini yake, jina la mama kabla ya kuolewa, na iwapo baba aliwahi kubadili jina la ukoo. Kamati ya walimu ilikataa kikomo cha wazi. Ndipo ikapatikana njia ya pembeni: kupunguza nafasi, kudai picha, na kupima "tabia" na "haiba" pamoja na alama. Chuo cha Columbia kilikuwa kimeshaanza mchezo huo. Tabia haina maksi, kwa hiyo aliyekataliwa hakuwa na pa kukatia rufaa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, majimbo kama New York yalitunga sheria dhidi ya ubaguzi wa dini na rangi katika udahili. Maswali ya ukoo na picha yakaondoka. Barua za walimu, usaili na orodha ya shughuli za nje ya darasa vikabaki, na miongo michache baadaye vyuo vilevile vikavitumia kuwatafuta vijana weusi, wa vijijini na wa ng'ambo, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza mwaka 2023 kuitumia rangi kama kigezo, katika kesi iliyoitaja Harvard kwa jina.