Mtoto Mwenye Kichwa cha Ndovu

Paukwa! Pakawa!

Watoto wa Isiolo, nyinyi ndovu mnamjua. Hushuka kunywa maji ya Ewaso Ng'iro kule Buffalo Springs, mama mbele, vitoto vikihangaika kati ya miguu yake. Leo nawasimulia ndovu mwingine, anayekaa hekaluni.

Ngano hii ni ya Wahindu. Baadhi yao waliletwa Kenya na kazi ya reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wengi wengine walifuata biashara. Mwaka 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa kabila la 44. Kwa hiyo hadithi zao nazo ni zetu.

Hapo zamani Parvati, mke wa mungu Shiva, alitaka kuoga na hakuwa na bawabu. Akabandua singo la manjano mwilini mwake, akafinyanga mtoto wa kiume, akampa uhai. "Simama mlangoni, mwanangu. Asiingie mtu."

Shiva akarudi kutoka safari ndefu. Hakumjua mtoto, wala mtoto hakumjua.

"Nipishe!"

"Mama amekataza."

Wakapigana, na kwa hasira Shiva akamkata mtoto kichwa. Parvati alipotoka na kuona, aliapa kuiangamiza dunia nzima. Shiva akatuma watumishi wake mbio: leteni kichwa cha kiumbe wa kwanza mtakayemkuta amelala akielekeza kichwa kaskazini. Wakamkuta ndovu. Hapa huniuma kila nisimuliapo, maana ndovu yule hakuwa na kosa lolote. Kichwa chake kikaungwa kwenye shingo ya mtoto, naye akafufuka. Ndiye Ganesha. Shiva akaamuru aombwe kwanza kabla ya miungu wengine, na ndiyo sababu Wahindu humtaja yeye wanapofungua duka, wanapofunga ndoa au kuanza safari.

Siku moja wazazi waliahidi tunda la ajabu kwa mwana atakayetangulia kuizunguka dunia. Kartikeya, nduguye Ganesha, akamrukia tausi wake, huyoo, akapotea mawinguni. Ganesha kipandio chake ni panya! Akafikiri, kisha akawazunguka baba na mama yake polepole. "Nyinyi ndio dunia yangu," akasema. Tunda likawa lake.

Kuzunguka huko kupo hata leo: ingieni hekalu la Wahindu, liwe kubwa la mjini au kijumba cha kijijini India chini ya mti, mtaona waumini wakigonga kengele, kisha wakilizunguka eneo la mungu wao, naye akiwa upande wao wa kuume. Baadaye hugawiwa vitamu vilivyobarikiwa.

Mkipata safari ya Mombasa, ombeni ruhusa mwingie hekalu mojawapo. Vueni viatu mlangoni. Mkimwona Ganesha, tazameni pembe zake: mara nyingi moja huwa imevunjika. Ilivunjikaje? Muulizeni mzee mtakayemkuta pale, awasimulie yeye.