Ebola Mpakani Rubavu: Kipimo Nacho Hupimwa

Kabla ya kukabidhiwa maabara, kipimo cha Ebola lazima kijibu maswali mawili. Kati ya watu walioambukizwa kweli, kinawabaini wangapi? Na kati ya wasioambukizwa, kinawaachia huru wangapi? Kikikosea swali la kwanza, mgonjwa hurudi nyumbani na virusi vyake. Kikikosea la pili, mtu mwenye malaria hulazwa katika kituo cha Ebola, mahali ambapo anaweza kuupata ugonjwa ambao hakuja nao. Majibu hutolewa kwa asilimia, nazo husomwa vibaya mara nyingi, kwa sababu maana yake hubadilika kulingana na mahali kipimo kinapotumika.

Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, ni mfano mzuri. Mji wake wa Gisenyi umeshikana na Goma ya Kongo (DRC), na makumi ya maelfu ya watu huvuka kila siku, wengi kwa miguu kupitia kivuko cha Petite Barrière, wakiwamo akina mama wanaochuuza mboga na matunda. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, majimbo ya mashariki mwa Kongo, ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Goma ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza Julai 2019. Rwanda haikupata hata mmoja katika mlipuko huo, lakini kila homa iliyofika kivukoni ilizua shaka. Siku za mwanzo Ebola hufanana mno na malaria na homa ya matumbo: joto la mwili, maumivu ya kichwa na viungo, kutapika, kuharisha. Kutokwa na damu hakumpati kila mgonjwa. Kifaa cha kupima joto hutambua homa tu. Chanzo chake hutafutwa maabara.

Februari 2015, wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha kwa dharura kipimo cha haraka cha ReEBOV, ambacho hutafuta protini ya virusi katika tone la damu na kutoa majibu kwa dakika chache bila umeme. Kwa tathmini ya WHO, kilibaini asilimia 92 ya walioambukizwa na kuwaachia asilimia 85 ya wasioambukizwa. Tuseme kinatumika katika wodi ya mji ulioelemewa na mlipuko, ambako kati ya washukiwa 1,000, nusu wana Ebola. Watakaopata majibu chanya kwa haki ni 460, na kwa makosa ni 75. Hapo kipimo kinafaa. Sasa tukipeleke mahali kama Rubavu, na kwa ukarimu tuseme kati ya washukiwa 1,000 wagonjwa ni 10. Kitabaini 9 na kumkosa mmoja, lakini kitawatia hatiani watu wapatao 148 wasio na Ebola. Kwa kila majibu chanya 17, moja tu ndilo la kweli. Kipimo ni kilekile, asilimia ni zilezile. Kilichobadilika ni watu wanaopimwa. Ndiyo maana mahali ambapo ugonjwa ni nadra, kipimo cha haraka hakipaswi kuachwa kiamue peke yake.

Asilimia hizo zenyewe hupatikana kwa kulinganisha kipimo kipya na kipimo rejea, ambacho kwa Ebola ni PCR, njia inayozidisha vipande vya jeni za virusi hadi vionekane. Rejea nayo ina mipaka. Katika siku 3 za kwanza za homa, virusi kwenye damu vinaweza kuwa vichache kiasi cha PCR kutoviona. Kwa hiyo mshukiwa aliyepimwa mapema akapata majibu hasi hupimwa tena saa 72 zikishatimia tangu dalili zianze. Tathmini isiyosema damu ilichukuliwa siku ya ngapi ya ugonjwa haistahili kuaminiwa.

Katika mlipuko wa Kivu kazi kubwa ilifanywa na mashine ya GeneXpert, inayofanya PCR ndani ya kibweta kilichofungwa na kutoa majibu kwa muda usiofika saa mbili. Hutafuta jeni mbili, NP na GP. Hapa pana jambo ambalo mpimaji wa mpakani analazimika kulijua. Chanjo ya Ervebo ni virusi hai vilivyopandikizwa jeni ya GP ya Ebola. Mtu aliyechanjwa siku chache zilizopita anaweza kuonyesha GP pekee bila kuwa na Ebola. NP haimo katika chanjo hiyo, kwa hiyo ndiyo inayomtofautisha aliyeambukizwa. Chanjo ya Johnson & Johnson, iliyotolewa Rwanda katika kampeni ya Umurinzi kuanzia Desemba 2019, Rubavu ikiwa miongoni mwa wilaya lengwa, nayo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya GP. Zaidi ya watu 200,000 walichanjwa. Kwao, kipimo cha kingamwili za GP hakiwezi kusema kama mtu aliwahi kuugua au alichanjwa tu.

Mwisho ni swali la aina ya virusi. Kibweta cha Ebola cha GeneXpert kilitengenezwa kwa aina ya Zaire. Uganda ilipopata mlipuko wa aina ya Sudan Septemba 2022, kibweta hicho hakikuwa na msaada, na uthibitisho ulitegemea PCR nyingine. Vivyo hivyo kwa Marburg, ugonjwa wa virusi ndugu wa Ebola, ambao Rwanda iliutangaza tarehe 27 Septemba 2024: watu 66 waliugua, wengi wao wahudumu wa afya, na 15 wakafariki. Sampuli zao zilipimwa Kigali, katika maabara ya taifa ya rufaa, kwa PCR ya virusi vya Marburg. Kipimo cha Ebola pekee kingewapa wagonjwa wote hao majibu hasi, na majibu hayo yangekuwa sahihi.